Nadra kwa Kipimo cha Nani? Saratani ya Shingo Inapofika Misulini

Mtu aliyetibiwa saratani ya ulimi akirudi hospitalini na uvimbe pajani, mengi humpitia daktari akilini kabla ya saratani. Jipu. Msuli uliochanika. Damu iliyovilia ndani baada ya mtu kuteleza gatini. Sindano iliyochomwa vibaya. Tena katika visiwa vya Lamu, kabla uvimbe haujafika kwa daktari, aghalabu umekwisha kuchuliwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta, pengine umepigwa chuku, na mwenye nao amekunywa kombe. Hakuna wa kulaumiwa katika mlolongo huo, maana hata vitabu vya tiba viko upande wao: saratani ya kichwa na shingo ikihama kwao huenda mapafuni kwanza, kisha mifupani na inini. Kufika kwenye msuli wa paja, tako au mgongo ni jambo linaloandikwa majaridani kwa mgonjwa mmoja mmoja, kila ripoti ikianza kwa kutukumbusha kwamba ni nadra.

Unadra huo una asili mbili, na mara nyingi huchanganywa. Upo unaotokana na mwili wenyewe, kwa kuwa msuli kweli ni mahali pagumu kwa seli ya saratani kuota. Na upo unaotokana na utafutaji: aliyetafuta kwa kina alipata zaidi, asiyetafuta hakupata kitu. Kwa msomaji wa Lamu huu wa pili una uzito kuliko wa kwanza.

Tukisema saratani ya kichwa na shingo tunakusanya maradhi kadhaa: ya mdomo na ulimi, ya koromeo, ya zoloto, ya pua na mashimo yake, ya tezi za mate. Nyingi huanzia kwenye utando laini unaofunika njia hizo kwa ndani. Vichochezi vyake vikubwa vinajulikana: tumbaku ya kila namna, pombe, aina fulani za virusi vya papiloma, na kirusi cha Epstein-Barr kwa saratani ya nyuma ya pua. Ugonjwa hushukia tezi za shingo kwanza, na wengi hufa vita vikiwa bado hapo hapo, kwa kushindwa kumeza au kupumua, kabla kusambaa mbali hakujapata nafasi ya kuonekana. Wanaogunduliwa kuwa na ugonjwa uliofika viungo vya mbali ni kama mmoja kati ya kumi.

Seli inayotoka shingoni ina njia yake. Maji ya limfu ya shingo humwagika kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyo chini ya shingo, damu hiyo huingia upande wa kulia wa moyo, na moyo huisukuma mapafuni moja kwa moja. Huko seli nyingi hunaswa. Ili ifike pajani, seli lazima ipenye mapafu, irudi upande wa kushoto wa moyo, ndipo isukumwe na ateri kwenda chini. Ipo pia njia ya uchochoroni aliyoieleza Oscar Batson wa Philadelphia mwaka 1940: mtandao wa vena zisizo na vali kandokando ya uti wa mgongo, ambamo damu huweza kwenda na kurudi kwa kufuata shinikizo la kifua na tumbo. Mtu akikohoa au akijikamua, damu humo hubadili mwelekeo. Wanaoeleza saratani ya misuli ya mgongo na kiuno huitaja njia hiyo mara kwa mara.

Lakini njia peke yake haitoshi. Misuli ni takriban asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima, na hupata damu nyingi mno mtu anapofanya kazi ya nguvu. Kama kusambaa kungekuwa suala la damu tu, misuli ingejaa saratani. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za uchunguzi wa maiti 735 wa saratani ya titi, akaandika kwenye Lancet kwamba seli ya saratani ni mbegu, nayo haioti ila kwenye udongo unaoifaa. Mmarekani James Ewing alikuja kumbishia katika miaka ya 1920: mkondo wa damu unatosha kueleza yote. Msuli ndio ushahidi mzito zaidi alioachiwa Paget, kwa sababu damu ipo tele na saratani haipo.

Kwa nini udongo huu haufai? Katika miaka ya 1980 Leonard Weiss wa Buffalo, Marekani, alileta maelezo ya kimitambo. Kapilari za msuli ni nyembamba kuliko seli ya saratani, na kila msuli ukijikunja seli iliyokwama ndani hubanwa mpaka ikapasuka. Wengine waliongeza asidi ya laktiki inayojaa msuli ukichoka, na oksijeni inayopanda na kushuka kila saa. Maelezo haya yanavutia, hasa kwa watu wanaoishi kwa kuvuta makasia na kubeba magunia, ila yana tundu: kama seli zote hupondwa, tusingezikuta zikiwa hai ndani ya msuli. Na zinakutwa. Mwaka 2022 maabara ya Cyrus Ghajar katika kituo cha Fred Hutchinson mjini Seattle ilionyesha, kwa panya, kwamba seli za saratani ya titi hufika msulini zikiwa hai na kukaa humo, ila hazizaani. Kinachozikwamisha ni kemikali kali zitokanazo na oksijeni, ambazo msuli umezizoea na seli ngeni hazizimudu. Watafiti walipozipa seli hizo uwezo wa kutengeneza kwa wingi katalasi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi, zikaota.

Fikiri maana yake. Msuli wa mgonjwa unaweza kuwa na seli zilizolala ambazo hakuna atakayeziona, kwa kuwa haziumi wala hazivimbi. Tunachokiita kusambaa kwenye msuli ni zile chache tu zilizoamka. Kwa nini zinaamka, bado ni mjadala. Baadhi ya ripoti huhusisha mahali penye jeraha la zamani, kwa hoja kwamba jeraha hubadili damu na kemikali za pale. Ushahidi ni mwembamba. Wapo watakaouliza kama kuchua huusambaza ugonjwa. Nisingejenga hoja hapo. Hasara ya kuchua ni wiki zinazopotea.

Sasa tuje kwenye utafutaji. Mwaka 1959 mtafiti Pearson, Mmarekani, alichukua vipande vya misuli kutoka kwa maiti waliofanyiwa uchunguzi wa kawaida, akavitazama kwa hadubini. Kati ya waliokuwa na saratani, asilimia 16 walikuwa nayo misulini. Mwaka 2010 Alexey Surov na wenzake wa Halle, Ujerumani, walipitia picha za CT za wagonjwa wa saratani zaidi ya 5,000 wakapata asilimia 1.2. Takwimu nyingine za maiti zinaanzia chini ya asilimia moja. Mwili wa binadamu ni ule ule. Kinachotofautiana ni kifaa na subira ya anayetazama, na hadubini huona kisichoonwa na CT. Katika kazi ya Halle misuli iliyoathirika zaidi ilikuwa ile ya ndani ya nyonga, inayounganisha kiuno na paja, na ile ya kando ya uti wa mgongo, ambako mkono wa daktari haufiki kwa urahisi. Na wagonjwa wengi hawakuwa wamelalamika. Uvimbe ulionekana kwa bahati, picha ikiwa imepigwa kwa sababu nyingine.

Tuzilete namba hizi Lamu. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ikiwa na watu 143,920. Makadirio ya kimataifa ya 2022 yaliipa Kenya wagonjwa wapya wa saratani wapatao 44,700 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 29,000. Kwa uwiano mtupu, Lamu ingekuwa na wagonjwa wapya mia na ushei kila mwaka, wa saratani zote. Tukikisia kwamba kumi kati yao ni wa kichwa na shingo, na tukitumia kiwango cha Halle, mwenye saratani msulini atapatikana mmoja katika miaka minane hivi. Tukitumia kiwango cha Pearson, ni zaidi ya mmoja kila mwaka. Saratani za shingo husambaa mbali kwa uchache kuliko ya mapafu au ya figo, kwa hiyo ukweli unaelekea chini ya hapo. Hata hivyo pengo kati ya majibu mawili ndilo la kutazamwa. Daktari kijana aliyepangiwa Lamu kwa miaka mitatu anaweza kuondoka bila kumwona hata mmoja, au akawa amewapita watatu.

Na hata makadirio hayo ya taifa yameegemea zaidi daftari la saratani la Eldoret, lililoanza 1999, na la Nairobi, lililoanza 2001 chini ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI. Mtu wa Kiwayu anaingia katika hesabu ya Kenya kwa kukisiwa kutokana na watu wa Eldoret na Nairobi.

Kuandika vibaya kunaweza kuufanya ugonjwa uonekane nadra, na Afrika Mashariki inalijua hilo kuliko pengine popote. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona mwingine mwenye taya kama lile, na tumboni mna uvimbe vilevile. Alipofungua mafaili ya Mulago akawakuta wengi. Walikuwapo siku zote, ila wa taya aliandikwa kivyake, wa figo kivyake, wa ini kivyake. Makala yake ya 1958, na baadaye safari ya gari ya mwaka 1961 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika akiwa na Ted Williams na Clifford Nelson, vilichora ramani ya ugonjwa mmoja pale ambapo palidhaniwa pana magonjwa kadhaa. Sisemi kwamba msuli unatuficha jambo la ukubwa huo. Nasema kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo wa ugonjwa mmoja ulikaa katika mafaili mawili kwa miaka, katika hospitali kubwa, mikononi mwa watu wenye akili.

Tukirudi Lamu, chanzo kimoja cha saratani ya mdomo kimo katika sinia moja na mazungumzo. Jani la mtambuu hupakwa chokaa, hutiwa popoo iliyokatwakatwa, katu, pengine iliki, na kwa wengi tumbaku. Hukunjwa, hutiwa shavuni. Ni adabu ya wazee, ni mapokezi ya mgeni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, katika juzuu yake ya 2004, lilitamka kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Kabla ya saratani, popoo hukakamaza nyama za ndani ya shavu mpaka kinywa kinagoma kufunguka. Kipimo chake hakihitaji mashine: mtu mzima mwenye afya huweza kusimamisha vidole vyake vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia viwili kwa shida, kuna la kuuliza. Kuhusu miraa, kila kikao cha afya huitaja kwanza, ilhali ushahidi wake kwa saratani ya mdomo haujakaa imara kama ule wa popoo. Sigara inayovutwa pamoja nayo ndiyo yenye kesi nzito. Nadhani tunaisema miraa kwa urahisi kwa sababu ni ya vijana. Kijaluba cha tambuu cha bibi hakuna anayethubutu kukigusa.

Mgonjwa wa ulimi kutoka Kizingitini ana bahari kabla ya barabara. Boti za Pate kuja mjini zimezoea kufuata maji; yakiwa yametoka, mikondo haipitiki. Hospitali ya King Fahd iko mjini Lamu, na mionzi haiko hapo. Kwa miongo mingi mionzi ya serikali ilikuwa hospitali ya Kenyatta, Nairobi, peke yake. Hata kwenda Mombasa tu ni kuvuka hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, barabara ambayo kwa miaka abiria wameipita kwa misafara ya polisi kwa hofu ya al-Shabaab. Lami imepunguza saa, hofu ikabaki na ratiba zake. Mashine ya PET, inayoweza kuonyesha saratani mwili mzima kwa mara moja, iko Nairobi na viungani mwake, kama vile Aga Khan na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni kwa mashine kama hiyo wagonjwa wa nchi nyingine hupata lile paja la bahati, lisilouma, linalong'aa kwenye picha. Wa Kizingitini hatalipata kwa bahati. Litaonekana likiuma au likivimba, basi.

Likivimba linakutana na mpinzani mwenye nguvu: jipu la msuli. Katika nchi za joto bakteria wa stafilokokasi huingia msuli wa paja au tako la mtu mzima mwenye afya, likavimba siku kadhaa likiwa gumu kabla usaha haujakusanyika. Madaktari wa Uganda waliliandika sana miaka ya 1960. Ni la kawaida kuliko saratani kwa umbali mkubwa, na daktari anayeanza na jipu anaanza vizuri. Taabu ni kwamba saratani ya msuli huweza kufa katikati na kubaki ganda linalong'aa pembeni, kiasi kwamba watafiti wa Halle walitenga aina nzima ya picha wakaiita inayofanana na jipu. Hata CT basi hudanganyika.

Mkononi mambo huwa wazi kidogo. Muuguzi humlaza mtu, hushika uvimbe kwa vidole viwili, akamwambia, "Mzee, hebu kaza mguu." Uvimbe ulio juu ya msuli, chini ya ngozi tu, huendelea kuchezeka. Ulio ndani ya msuli hushikwa, ukaganda mahali pake. Akilegeza, unachezeka tena kidogo. Jipu huja kwa siku, lina moto na homa. Saratani huja kwa wiki, imepoa, na dawa ya kuua bakteria haiitikisi. Kisha sindano. Usaha ukitoka, mjadala umekwisha, au karibu. Kikitoka kitu kama uji mzito usio na harufu, au damu yenye chembechembe, hupakwa kwenye kioo kwenda kusomwa. Saratani ya utando wa mdomo ina saini yake chini ya hadubini: seli zilizojikunja duara kuzunguka keratini, ile protini ya kucha na nywele. Msuli hauna keratini. Ikionekana humo, kwa kawaida imetoka mahali pengine.

Ila msomaji wa kioo husoma pia fomu. Ikiwa imeandikwa "uvimbe pajani" tu, keratini msulini inaweza kumpeleka kwenye uvimbe wa ngozi uliozama, au saratani adimu ya nyama laini. Ikiongezwa "alitibiwa saratani ya ulimi" na mwaka, jibu linabadilika kabla ya kioo kuwekwa chini ya lenzi. Faili la ulimi liko Mombasa au Nairobi, la paja linafunguliwa upya kisiwani, na mwenye mwili ndiye anayeyaunganisha kama ataulizwa. Hapa naona ufanano na mafaili ya Mulago, na hapa panarekebishika bila mashine mpya.

Lipo jambo jingine la kusemwa kwa adabu. Mengi tunayoyajua kuhusu msuli na saratani, tangu Paget hadi Pearson, yalitoka kwenye miili iliyofunguliwa. Lamu maiti huzikwa siku ile ile ikiwezekana, na mwili wa marehemu haukatwi ila kwa sharti la sheria. Sioni sababu ya kutaka iwe vingine. Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome huuliza jamaa wa marehemu maswali ya dalili ili kukisia sababu ya kifo, njia yenye manufaa kwa malaria au uzazi. Haitatofautisha paja la jipu na paja la saratani. Kwa hiyo ushahidi wa Lamu, ukija, utatoka kwa walio hai, kwa sindano.

Je, inafaa kumsumbua mtu? Swali ni la haki, kwa maana saratani ya shingo iliyofika misulini kwa kawaida huambatana na nyingine mapafuni, na maisha baada ya hapo mara nyingi huhesabiwa kwa miezi. Kumvusha bahari na kumpandisha basi kwa ajili ya jibu lisilobadili mwisho ni ukatili unaovaa joho la sayansi. Lakini jibu hubadili ya kati. Asiyejua ana saratani hupasuliwa jipu lisilo usaha, akabaki na kidonda kisichofunga. Anayejua huweza kupewa mionzi michache ya kutuliza uvimbe unaouma, na wachache wenye uvimbe mmoja tu hukatwa na kuishi zaidi ya walivyotabiriwa. Wote wanastahili mofini ya maji, ambayo ni unga unaokorogwa, nafuu kuliko vidonge vingi vya maumivu, na ambayo watu wa hospisi ya Pwani mjini Mombasa wamezoea kuitoa.

Isitoshe, si lazima asafiri yeye. Sindano ya uvimbe wa paja inaweza kuchomwa Faza, au katika boti za Safari Doctors, mpango alioanzisha Umra Omar wa kupeleka tiba vijijini kwa maji hadi upande wa Kiunga. Vioo viwili au vitatu vilivyotiwa spiriti mara tu baada ya kupakwa havihitaji barafu wala jokofu. Vinaweza kufungwa na fomu iliyojazwa, vikapanda basi la asubuhi Mokowe, na jioni viko Mombasa kwa mtu anayeweza kuvisoma.